Nyumba ya Siku Nne

Mwanangu Mwanaidi,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea na muhogo mdomoni, kwa hiyo naijibu hapa kwa adabu: marahaba. Baba yako ni mzima, isipokuwa goti, na goti nalo tumeshazoeana. Wewe umekwenda kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua dada zangu hutarudi kabla ya magharibi, maana kila mmoja atakulisha na kila mmoja atakwambia umekonda. Basi ninao mchana mzima, na kalamu yako uliyoisahau dirishani.

Mwandiko uuvumilie. Nimefundishwa herufi mara mbili. Mara ya kwanza na mwalimu mwenye fimbo, nikatoroka darasa la pili. Mara ya pili kwenye elimu ya watu wazima, na binti ambaye koti langu lilimzidi umri. Huyo hakuwa na fimbo, alikuwa anacheka tu. Herufi zangu zote ni za yule wa kucheka, ndiyo maana zimelala chali.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala wavulana. Mama yako ameshayasema, na ya wavulana ameyarudia mpaka mimi mwenyewe nimeanza kuwaogopa. Mimi nina jambo lingine.

Jana wakati wa kula ulisema, tonge mkononi, kwamba huko Dakawa unakokwenda kuanza kazi mtasimamisha nyumba ishirini za wafanyakazi wa mpunga. Zimekuja tayari kwa mapande, ukasema, kazi ni kuunganisha tu, nyumba moja siku nne. Mama yako akasema mashallah. Mimi nikanawa mikono nikatoka. Ukaniuliza, baba, umeshiba? Nikakujibu kuna mbuzi kwenye mihogo. Hakukuwa na mbuzi, mwanangu. Hata leo nimepita pale kwenye mihogo kuutafutia uongo wangu alama za kwato.

Siku nne. Hata hesabu hawakuibadilisha.

Sasa kuna jambo jingine ambalo umeliona hapa nyumbani ukalicheka, na mimi nikakuacha ucheke kwa sababu kicheko chako kilinifaa. Umeniona mara nyingi nikishuka njia ya mtoni, halafu ghafla natoka njiani, naingia kwenye majani, nainamisha kichwa, nangoja, kisha narudi njiani naendelea. Pasipo mtu. Uliwaambia wenzako kwamba baba anapisha pombe ya jana ipite. Ilikuwa nzuri hiyo, niliisikia, nikaiiba nikaisema kilabuni kama yangu.

Ninampisha bibi yako. Bi Tabu, mama yake mama yako.

Unajua mila yetu ya mkwe ilivyo. Mwanamume hakutani na mama mkwe njiani uso kwa uso. Mama mkwe akiona mkwewe yuko mbele anakohoa, basi wewe unaacha njia, unainama, anapita, shikamoo inapita kwa chini chini kama panya. Wala huingii chumba anacholala. Wala hakwambii neno moja kwa moja. Akiwa na jambo, anamtuma binti yake, yaani mkeo. Miaka yote tangu nimuoe mama yako, Bi Tabu na mimi tuliongea kwa kikohozi chake na kwa mdomo wa mama yako, na tulipendana sana kwa njia hiyo. Basi bado anakohoa. Mchana kweupe, kwenye njia ile ile. Nami napisha.

Uliambiwa kwamba bibi yako alikufa kwa mvua. Mwaka ule wewe ulikuwa kwa mjomba wako Gairo, unasoma, na ulipokuja tulikuwa tumeshazika. Karatasi ya serikali pia imeandikwa mvua. Niliitia sahihi mimi mwenyewe, jina langu lote, kwa herufi za yule binti wa kucheka. Leo nakuandikia kilichomuua.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamishwa. Watu wa mlimani tuliambiwa tushuke tukae pamoja katika kijiji kipya hapa bondeni, upande wa kwenda Mikese, tupate shule na zahanati na maji ya bomba. Shule imekuja, zahanati imekuja, bomba nalo lilikuja, maji ndiyo hayakuambiwa. Sisi tulibahatika, ati. Kijiji chetu kilichaguliwa kuwa cha mfano, kikaletewa nyumba kumi kutoka ng'ambo, zimefungwa kwenye masanduku. Ndiyo sababu mpaka leo watu wanapaita Sandukuni, na wewe umekua ukidhani ni jina la ukoo wa zamani.

Alikuja nazo mtaalamu mmoja Mzungu, mrefu, mpole, shingo imeungua jua. Tulimwita Bwana Karatasi, kwa sababu alikuwa na karatasi moja aliyoikunjua kila asubuhi kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Karatasi ilisema: siku ya kwanza, kiwanja na zege la sakafu. Siku ya pili, kuta. Siku ya tatu, paa. Siku ya nne, milango na madirisha, mwenyewe anaingia na kuku wake. Mimi nilikuwa seremala pekee hapa mwenye spana na pimamaji, basi mwenyekiti wa kijiji akaniteua msimamizi. Niliposikia neno msimamizi nilinunua kofia. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, lakini kofia haikuua mtu.

Nyumba ya kwanza ilichukua wiki saba.

Wewe cheka tu. Mapande yalifika stesheni ya Morogoro kwa treni, yakakaa pale kwa sababu lori halikuwa na dizeli. Dizeli ilipopatikana, lori lilileta paa kwanza. Kuta zilikuja baada ya siku tisa, na bolti za kuzishikia zilikuwa kwenye sanduku lililoteremshwa kwingine, kwa jina la kijiji kingine, na wale wa kijiji kingine walishazitumia kufungia jembe la trekta. Saruji nusu ilishika unyevu ghalani ikawa mawe. Maji ya kukorogea zege yalibebwa na akina mama kutoka mtoni, na mama akishabeba ndoo sita anakumbuka kwamba nyumbani kwake pia kuna sufuria. Halafu mvua za vuli zikaja kwa wakati wake, na watu wakaenda kulima, kama watu wenye akili. Halafu akafa mzee mmoja huko juu, kazi ikalala siku tatu za matanga. Bwana Karatasi alikuwa akiniuliza, matanga yako ukurasa gani?

Nilimcheka kwa hilo miaka mingi, lakini karatasi yake haikuwa na uongo, nawe naamini utapewa kama ile. Hesabu yake inaanza siku ambayo kila kitu kipo: barabara ipo, dizeli ipo, bolti zipo zote, mvua haipo, hakuna mgonjwa, na ardhi imekubali. Mimi sijawahi kuiona siku hiyo, na umri wangu unaujua. Kwa hiyo ukichelewa Dakawa kwa sababu ya lori, au kwa sababu watu wanavuna, chelewa kwa raha zako. Andika sababu, kunywa chai. Uchelewaji wa namna hiyo unakera wakubwa tu, na wakubwa wameumbwa wakereke.

Mimi hayo niliyavumilia. Nililoshindwa kulivumilia ni lile la mwisho.

Habari zilikuja kwamba bwana mkubwa wa mkoa anakuja kufungua kijiji cha mfano, na tulikuwa na nyumba tatu tu zilizosimama. Mwenyekiti akaniita. Akaniambia anataka nyumba ya nne mbele kabisa, pale kwenye kiwanja cha juu kinachoonekana kutoka barabarani, na anataka ndani yake awemo mtu kutoka mlimani aliyekataa kushuka kisha akakubali. Wewe unamjua mtu aliyekataa kushuka. Bi Tabu alikuwa amekaa kwenye tuta la lukolo lake, ardhi ya ukoo, amezungukwa na migomba na makaburi ya mama zake, na mgambo walipopanda kumwambia ahame aliwapa ndizi na kuwaambia warudi wakiwa wamekua. Mwenyekiti akanitazama. Akasema ikiwa mkwe wa msimamizi hahami, nani atahama?

Nilimtuma mama yako. Alipanda mlima mara mbili akarudi na jibu lile lile. Mara ya tatu Bi Tabu alimuuliza, hiyo nyumba inajengwa kwa muda gani? Mama yako akasema siku nne. Bibi yako akacheka mpaka akakaa chini. Akasema ya marehemu mumewe ilichukua misimu miwili, na mpaka leo bado anaidai kona moja. Kisha akauliza, nani anajenga? Mama yako akasema, mkweo mwenyewe. Basi akasema, kama ni yeye, nitashuka.

Nisome vizuri hapo. Hakushuka kwa sababu ya mgambo wala bomba. Alishuka kwa sababu ya jina langu.

Kile kiwanja cha juu kilikatwa kwenye ubavu wa kilima. Sisi kwetu mtu akitaka kujenga anachimba shimo upande wa juu, urefu wa mkono, analiacha lilale usiku mmoja. Asubuhi likiwa kavu anajenga, likiwa na maji anahama. Haikuwamo kwenye karatasi, lakini nililichimba, kwa mazoea. Asubuhi lilikuwa na maji mpaka kwenye kiwiko.

Nilikuwa nimesimama pale na Maganga. Maganga alikuwa fundi mwashi, Mnyamwezi, mtani wetu, na hukuwahi kumwona maana aliondoka kabla hujarudi. Mtu mfupi, sauti kubwa. Unajua mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata mbele ya jeneza, na huruhusiwi kukasirika. Watu wa kazi ya msaragambo walikuwa wamekusanyika na majembe. Maganga akachungulia shimo, akasema kwa sauti wote wasikie: "Hongera, mtani. Mkweo umempa nyumba yenye kisima ndani. Ninyi Waluguru mmezoea kulala na vyura. Mimi nangoja tu ubwabwa wa matanga yake."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamwambia Mnyamwezi anajuaje maji na kwao wanaoga vumbi. Wakacheka zaidi. Na wakati wanacheka nilichukua koleo nikajaza kokoto lile shimo.

Mwanaidi, nilimsikia. Sitaki ufikiri baba yako hakuelewa. Mtu akikuonya kwa uso mkavu, inabidi umjibu, inabidi useme ndiyo au hapana mbele za watu. Maganga alinionya kwa mlango ambao mila ilimpa, mlango wa mzaha, na mimi nikatokea kwenye mlango huo huo. Utani ulinipa ruhusa ya kutosikia. Mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa mzaha, wewe unajua, hata nikiwa mgonjwa huwa namtania mganga. Siku hiyo nilijifunza kwamba kicheko kinafunika shimo haraka kuliko kokoto.

Zege la sakafu lilitakiwa kumwagiliwa maji na kuachwa siku saba ndipo libebe kuta. Hata karatasi ya Bwana Karatasi, ukisoma maandishi madogo kwa chini, ilisema hivyo, maana siku nne zake hazikuhesabu siku za zege kukauka. Yeye alikuwa Dar es Salaam wiki ile, anatafuta bolti. Mimi zege nililiacha siku mbili tu. Bolti zilipokazwa zilitoa unga mweupe kuzunguka shingo zake. Nikaupuliza ukaruka.

Nyumba ilisimama kwa siku nne kamili. Ya pekee katika zote kumi. Bwana mkubwa alikuja, akanipa mkono, akaniuliza siri yangu. Nikamwambia siri ni kuwa na mkwe mkali. Akacheka sana. Bi Tabu aliingia na mafiga yake matatu aliyoteremka nayo mlimani, na kuku wake.

Kiangazi chote nyumba ilikaa vizuri. Mwezi wa mvua za kwanza, mama yako akaja na ujumbe: mama anasema mlango unagoma. Nikachukua randa, nikaenda, nikasimama nje, nikaranda ukingo wa mlango ukafunga vizuri. Baada ya siku chache akaja tena. Mama anasema mlango unagoma, na sakafu inatoa jasho. Nikaranda. Mara nyingine tena, mama anasema usikasirike, mlango umegoma, na ukuta wa chumbani umefanya mstari. Chumba cha kulala cha mkwe. Siwezi kuingia, si ndiyo? Nikajiambia ni heshima. Nikaranda kwa nje, mara ya tatu, huku napiga mluzi.

Mimi ni seremala. Mlango ukigoma mara moja ni mbao imevimba. Ukigoma mara tatu, fremu inatembea, na fremu haitembei peke yake, inabebwa na nyumba. Nilikuwa nikipunguza mlango ili ulingane na nyumba inayoondoka. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya kwa mikono hii, na nilifanya vizuri, maganda laini kabisa, kuku wakayatandikia mayai.

Masika yalipoingia sawasawa, mchana mmoja, ubavu wa kilima uliteremka. Si kwa kishindo. Watu waliokuwepo wanasema ulikaa tu, kama mtu anayekaa kwenye kiti. Ukuta wa nyuma ukaingia ndani. Mimi nilikuwa shambani ng'ambo ya mto. Jirani yake, mwanamke mkweli, alisema hakuita. Alikuwa nyuma ya mlango, mlango umebana, na kwa kitambo kidogo alikuwa anakohoa. Watu wakasema ni vumbi, ndani ya mvua ile. Mimi najua kikohozi kile. Alisikia hatua nje akadhani ni zangu, akawa ananikoholea nijue yupo, nimfungulie bila kuonana naye.

Tulimkuta pale pale, upande wa ndani.

Maziko yalikuwa kesho yake. Watani kwetu wana kazi yao msibani, wanazuia jeneza, wanalala kaburini, wanadai walipwe ndipo watoke, na waliofiwa wanacheka huku wanalia. Maganga alikuja akakaa kwenye jiwe, mikono juu ya magoti. Wazee wakangoja. Mwisho mmoja akamwuliza: "Mtani, mbona husemi?"

"Nilishasema," akajibu.

Basi. Wiki ile akaondoka kurudi kwao, na mimi sijapata mtani mwingine wa kiasi kile. Nyumba tisa bado zimesimama, unaziona, watu wanapika na kuzaa ndani yake, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuandika mvua. Bwana Karatasi aliniuliza kama zege lilikaa siku saba. Nikasema saba. Aliiandika. Naye alikuwa amechoka, mwanangu, alitaka kuniamini. Watu wengi sana watataka kukuamini, hasa ukiwa unawaambia kwamba kazi imekwisha.

Na mlango nikauleta nyumbani. Ulikuwa mzima. Nikaukatia miguu minne ukawa meza. Umefanyia hesabu zako zote juu yake, ukachora majengo yako yote kwa rula, na umelalamika mara ngapi kwamba ukingo mmoja umeinama na penseli inabingirika? Nilikuwa nakwambia penseli ndiyo imelewa.

Sasa nakuambia nini? Kuna ucheleweshaji wa lori na wa saruji na wa wakubwa, huo utaujua. Kuna ucheleweshaji wa ardhi, nao ndio utakaouonea haya kuuandika, kwa sababu hauna mtu wa kulaumiwa. Ule udongo mweusi wa Dakawa naufahamu, nilikata mbao huko nikiwa kijana. Kiangazi unapasuka unaweza kutumbukiza mguu, masika unavimba kama unga wa mkate. Hautajali bwana mkubwa anakuja lini. Ukisimama mbele ya watu ukasema tusubiri, watakucheka, na wewe ni mwanamke, watakucheka mara mbili. Nawe una ulimi wangu, utaona njia rahisi ya kucheka nao. Ulimi huo umeurithi kwangu na umekupendeza, lakini siku hiyo ufunge.

Nilikusudia kumalizia hapo, niifiche barua chini ya nguo zako uikute huko huko. Halafu nikaona nitakuwa nimekupa siri ya kumficha mama yako, na mizigo yako inatosha. Yeye hajui habari ya shimo wala ya siku mbili. Namwona hapa dirishani anateremka na kuni. Ngoja.

Nimerudi. Jua limehama ukuta, kwa hiyo ni muda umepita.

Nilimwambia yote tukiwa tumesimama, kuni bado kichwani kwake. Sikuwa na akili hata ya kumtua. Alipomaliza kusikia akatua mwenyewe. Akaniuliza barua iko wapi, nikamwonyesha. Akasema, nisomee. Nikamsomea kuanzia muhogo mpaka penseli. Hakulia. Alinikatiza mara moja tu.

"Umeandika uliranda mara tatu. Ilikuwa nne."

Nikasema tatu, mama Mwanaidi, nazikumbuka zote.

"Mara ya nne ulikuwa umechoshwa na mama yangu," akasema. "Ulinipa mimi randa. Ukasema, hata mtoto anaweza."

Akaenda yeye. Hakuwahi kushika randa maishani mwake. Alikwangua upande usiotakiwa, mlango ukazidi kubana, mama yake akamwambia acha, mwanangu, mkwe atakuja. Hiyo ilikuwa siku mbili kabla ya kilima kuteremka. Na miaka yote hii, wakati mimi nimekaa na shimo langu nadhani ninamficha, yeye alikuwa akiipangusa meza hii kila asubuhi na kuupapasa ukingo ule ulioinama, akijua ni nani aliyeuharibu. Alidhani aliyemfungia mama yake ndani ni yeye.

Hapo juu nimeacha tatu kama nilivyoandika, usome nilivyokuwa najua. Ni nne.

Sijamfanyia mzaha. Sikupata hata mmoja. Nilimwambia mlango ule usingefunguka kwa randa ya fundi yeyote aliye hai, akaniambia kwamba neno hilo nilikuwa nalo siku zote.

Barua nimeiweka juu ya sanduku lako. Mama yako yuko jikoni, anakukaangia mihogo ya safari, na nasikia mafuta tu, yeye simsikii. Mimi nimekaa nje upande wa mtoni. Ukirudi, usianze kwangu. Anza jikoni.

Baba yako